Ip Man (2008): maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu, vita na mtu mwenyewe

Kila filamu hii inapozungumzwa, maswali ni yale yale. Huyu mzee alikuwepo kweli? Aliwapiga Wajapani kumi peke yake? Bruce Lee mbona haonekani? Majibu nimeyaweka pamoja hapa kwa ajili ya wale wanaoipenda na wale wanaotaka kuitazama kwa mara ya kwanza. Ukikuta mahali jina limeandikwa Yip Man au Ye Wen, ni mtu huyo huyo. Majibu mengine yanafika hadi mwisho wa hadithi, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuharibiwa utamu, tazama kwanza kisha urudi.

Filamu inahusu nini?

Ni mwaka 1935, mjini Foshan, kusini mwa China, jirani na Guangzhou. Mji umejaa vyuo vya kung fu, kila mwalimu na kibao chake mlangoni. Ip Man hana chuo. Ni mtu wa mali ya kurithi, ana mke na mtoto mdogo wa kiume, anavaa kanzu ndefu iliyonyooka, na mji mzima unajua kwamba hakuna anayemweza. Mwalimu mwingine akitaka kupima nguvu zake anakwenda nyumbani kwake, anakaribishwa chakula, na baada ya kula mlango unafungwa wakapigana bila mashahidi, ili atakayeshindwa asiaibike.

Halafu vita vinakuja. Wajapani wanauteka mji, nyumba ya Ip Man inageuzwa makao ya jeshi, familia inahamia kwenye chumba kibovu, na bwana ambaye hajawahi kuajiriwa maishani mwake anakwenda kupiga koleo makaa ya mawe ili nyumbani paliwe. Kuanzia hapo filamu inabadilika kabisa. Hata rangi zinafifia, ule mwanga wa dhahabu wa mwanzoni unakuwa kijivu.

Ip Man alikuwa mtu wa kweli?

Ndiyo. Alizaliwa Foshan tarehe 1 Oktoba 1893, kwenye familia yenye uwezo, na akafariki Hong Kong mwezi Desemba 1972. Akiwa bado mtoto alianza kufundishwa mtindo wa kung fu uitwao Wing Chun na mzee Chan Wah-shun, aliyekuwa akifundishia kwenye jengo la ukoo wa akina Ip, na anahesabiwa kuwa mwanafunzi wa mwisho wa mzee huyo. Alipokuwa kijana alipelekwa Hong Kong kusoma St Stephen's College. Huko, kwa simulizi za wanafunzi na watoto wake, alikutana na Leung Bik, mtoto wa Leung Jan, daktari wa mitishamba wa Foshan ambaye ndiye aliyemfundisha Chan Wah-shun. Kwa hiyo Ip Man alipata elimu ile ile kwa njia mbili.

Aliporudi Foshan aliingia polisi. Hili filamu hailigusi kabisa. Tunaonyeshwa mtu asiye na kazi wala mkubwa wa kazi, anayeshinda kwenye nyumba ya chai. Ip Man wa kweli alikuwa askari, na baada ya vita alirudi tena kwenye kazi hiyo chini ya serikali ya Kuomintang, chama kilichokuwa kikipigana na Wakomunisti.

Je, kweli alipigana na jenerali wa Kijapani mbele ya mji mzima?

Hapana. Jenerali Miura ni mhusika wa kutungwa, na hakuna kumbukumbu ya pambano la namna hiyo. Wale kumi nao ni kazi ya mtunzi.

Kinachosimuliwa na familia na wanafunzi wake ni kwamba Wajapani walitaka afundishe watu wao, naye akakataa. Basi. Hakuna jukwaa, hakuna umati, hakuna ngumi. Alikataa akiwa amefilisika, katika mji uliotekwa, wakati kukubali kungempa chakula. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko pambano lolote lililotungwa, na naona watengenezaji walilijua, kwa sababu walichofanya ni kulichukua lile neno "hapana" na kulipa mwili ili sinema iweze kulionyesha. Ukiitazama kwa jicho hilo, utagundua kwamba Ip Man anamshinda Miura mara mbili, na mara ya kwanza ni pale anapokataa kufundisha.

Basi ni kipi cha kweli na kipi kimeongezwa?

Utajiri wake ni kweli, na kufilisika kwake wakati wa vita ni kweli. Jina la mke, Cheung Wing-sing, ni kweli. Mtoto tunayemwona ni Ip Chun, ila mwenyewe alizaliwa mwaka 1924, kwa hiyo mwaka 1935 alikuwa na miaka 11, si yule mdogo anayeendesha baiskeli ya magurudumu matatu ndani ya nyumba. Pia hakuwa peke yake. Walikuwapo mdogo wake, Ip Ching, na mabinti wawili.

Kinachowashangaza watu wengi ni kiwanda cha pamba. Kwenye filamu, rafiki yake Chow Ching-chuen ana kiwanda kinachovamiwa na majambazi, na Ip Man, ambaye siku zote alikataa kuchukua wanafunzi, anakubali kuwafundisha wafanyakazi wajilinde. Inaonekana kama kitu kilichobuniwa ili kumpa shujaa jeshi lake dogo. Lakini akina Chow walikuwepo na walimsaidia miaka hiyo ya njaa, na Ip Man alifundisha kundi dogo kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1940. Wanafunzi wake wawili wa kipindi hicho, Kwok Fu na Lun Kai, walibaki Foshan na waliendelea kuufundisha mtindo huo huko huko hadi uzeeni.

Kilichopindishwa zaidi ni kuondoka kwake. Filamu inamtoa Foshan akiwa na jeraha la risasi, mara tu baada ya kumpiga Miura, na kumkimbizia Hong Kong. Ukweli ni kwamba hakukimbilia Hong Kong wakati wa vita. Na hata kama angekimbilia Hong Kong, nako kulikuwa mikononi mwa Wajapani tangu tarehe 25 Desemba 1941. Aliondoka mwaka 1949, miaka minne baada ya Japani kusalimu amri, kwa sababu Wakomunisti walikuwa wanashinda vita vya wenyewe kwa wenyewe naye alikuwa ofisa wa upande ulioshindwa. Hiyo ni habari ngumu kuisimulia kwenye filamu inayotakiwa kuonyeshwa China bara, na sioni sababu nyingine ya kuiacha.

Mpaka kati ya Hong Kong na China bara ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, yeye alikuwa Hong Kong na mkewe Foshan. Hawakuonana tena. Cheung Wing-sing alifariki mwaka 1960, na wanawe Ip Chun na Ip Ching waliungana na baba yao Hong Kong mwaka 1962. Filamu ya tatu ya mfululizo huu inamwonyesha mke akiugua saratani, mumewe akiwa kando yake. Ni sehemu inayoliza, na imechezwa kwa upole sana, lakini maisha hayakuwapa hata nafasi hiyo ya kuagana.

Hivi ni vita gani? Ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia?

Ni vita vya China na Japani, vilivyoanza tarehe 7 Julai 1937 kwenye Daraja la Marco Polo karibu na Beijing, miaka miwili kabla Ulaya haijawaka. Baadaye vikaungana na vita vya dunia. Shanghai ilianguka Novemba 1937, Nanjing ikafuata Desemba pamoja na mauaji ya kutisha ya raia, na mwezi Oktoba 1938 Wajapani wakaiteka Guangzhou na Foshan. Vita viliisha Agosti 1945.

Filamu inaruka haraka sana hapa. Maandishi yanapita kwenye skrini yakisema watu wa Foshan walipungua kutoka 300,000 hadi 70,000, halafu tunaonyeshwa mji uliokufa. Mtazamaji asiyejua historia anaweza kudhani vita vilianzia hapo hapo.

Kwa nini mchele unapewa uzito hivyo?

Nashukuru kila swali hili linapoulizwa, maana wengi hukumbuka ngumi tu.

Miura anapenda karate na anataka kuona kung fu. Anatangaza kwamba Mchina yeyote atakayemshinda mpiganaji wake ataondoka na mfuko wa mchele. Mkalimani anakwenda kwenye makaa ya mawe kutafuta watu, na wanaojitokeza ni walimu wale wale tuliowaona mwanzoni na vibao vyao milangoni. Zamani walipigana kwa heshima ya chuo, sasa wanapigania mfuko ambao mtu anaweza kuushika kwa mkono mmoja. Lam, kijana ambaye Ip Man anamfahamu tangu zamani, anakwenda na harudi. Ip Man anaposhindwa kumwona kazini anaamua kumfuata huko ulingoni.

Anapofika anamkuta Mwalimu Liu, yule yule aliyekuja nyumbani kwake mwanzoni kupimana naye nguvu kwa siri. Liu anashinda pambano la kwanza na kupata mchele wake. Anataka zaidi, anaomba kupigana na watatu, wanamzidi, anasalimu amri. Anainama kuuchukua ule mfuko alioupata kwa haki, na Kanali Sato, msaidizi wa Miura, anampiga risasi ya kichwa. Mchele unalowa damu.

Baada ya hapo ndipo Ip Man anaposema anataka watu kumi. Hahitaji mchele. Na akimaliza, Miura akiwa amependezwa anamkaribisha aje tena kuchukua mingine, Ip Man anamjibu kwamba hakuja kwa ajili hiyo. Anauokota mfuko wenye damu wa Liu, ule ambao mwenye haki yake amekufa. Jina lake akiulizwa anasema yeye ni Mchina tu.

Itazame tena sehemu hii ukiwa unaifuata mifuko badala ya mikono. Nani anautupa, nani anaupokea, nani anauinamia. Hadithi nzima ya kukaliwa na jeshi la kigeni iko humo.

Ule ugomvi wa watu kumi una tofauti gani na mapigano mengine?

Mpaka hapo Ip Man hajamvunja mtu. Akipigana na Liu anaizuia ngumi yake mwenyewe kabla haijamfikia. Akipigana na Kam Shan-chau, yule mbabe kutoka kaskazini aliyekuja Foshan kupiga walimu wote na kuvunja vibao vyao, anatumia fimbo ya manyoya ya kufutia vumbi na kumchapa kama mtoto mtukutu. Katikati ya ugomvi huo mtoto anaingia na baiskeli yake kumpelekea baba ujumbe: mama amesema usipoanza kupiga, vitu vyote vya nyumbani vitavunjika. Kila nikitazama na watu, chumba kizima kinacheka hapo.

Mbele ya wale kumi ucheshi wote umekwisha. Anavunja mikono na miguu, na wa mwisho anampiga ngumi za mfululizo usoni hata baada ya kushindwa. Sammo Hung na Tony Leung Siu-hung, waliopanga mapigano, hawakubadilisha mtindo, mbinu ni zile zile za Wing Chun. Kilichoondolewa ni huruma. Ndiyo maana pambano hili linafurahisha na kuumiza kwa pamoja: unamshangilia mtu huku ukiona kwamba vita vimemnyang'anya na upole wake.

Wing Chun ni mtindo gani hasa?

Ni kung fu ya kusini mwa China, ya kupigania karibu. Msingi wake ni mstari wa katikati ya mwili, kuanzia utosini kushuka koo, kifua na tumbo. Unaulinda wako na unaushambulia wa mwenzako, na kwa kuwa njia fupi ni iliyonyooka, ngumi hutoka kifuani moja kwa moja bila kurudishwa nyuma kuvutwa nguvu. Mkono mmoja ukipangua, mwingine unapiga papo hapo. Magoti yanaingia ndani kidogo, na mateke ni ya chini, hayapandi kichwani.

Mazoezi ya mikono mitupu yana hatua tatu: Siu Nim Tau, ambayo unasimama palepale bila kupiga hata hatua, kisha Chum Kiu, kisha Biu Jee. Kuna gogo la mazoezi lenye mikono mitatu na mguu mmoja, ambalo kwenye filamu linaonekana mara kwa mara. Silaha ni mbili, mti mrefu na jozi ya visu vipana. Na kuna zoezi la chi sau, ambapo wawili wanagusanisha mikono na kuizungusha bila kuachana, ili ngozi ijifunze kuhisi nguvu ya mwenzako inakoelekea kabla macho hayajaona. 

Hekaya inasema mtindo ulianzishwa na mtawa wa kike Ng Mui, akamfundisha binti aitwaye Yim Wing-chun aliyekuwa akilazimishwa kuolewa. Hakuna ushahidi wa kihistoria, lakini ndiyo asili ya dhihaka ya Kam Shan-chau kwamba hii ni kung fu ya wanawake. Jibu analopewa ni zuri. Alipodai kwamba Ip Man anamwogopa mkewe, aliambiwa hakuna mwanamume anayemwogopa mkewe, wapo wanaowaheshimu wake zao.

Donnie Yen anaujua mtindo huu au ni maigizo?

Amekulia kwenye mapigano. Mama yake, Bow-sim Mark, ni mwalimu maarufu aliyefungua chuo Boston, na Donnie alianza kufundishwa naye akiwa mdogo. Lakini Wing Chun haikuwa fani yake. Alijifunza kwa miezi kadhaa kabla ya kurekodi, Ip Chun mwenyewe akiwa mshauri wa filamu, na alijipunguza mwili ili afanane na Ip Man mwembamba. Mwaka 1937 Ip Man alikuwa anakimbilia miaka 44, na Donnie alikuwa na umri uleule walipokuwa wakirekodi. Mwili unaouona ni wa mtu mzima aliyetulia.

Kabla ya hapo alizoeleka kwa hasira na mateke ya juu. Humu anasimama wima, mikono nyuma, sauti ya chini. Kujizuia kwake ndiko kulikomfanya awe nyota wa dunia nzima akiwa na umri ambao wapiganaji wengi wa sinema wameshaanza kustaafu.

Nani waliitengeneza, na ilipata tuzo?

Mwongozaji ni Wilson Yip, mtayarishaji Raymond Wong, na hadithi imeandikwa na Edmond Wong. Simon Yam ni Chow mwenye kiwanda, Lynn Hung ni mke, Lam Ka-tung ni mkalimani, Louis Fan ni Kam Shan-chau, na Hiroyuki Ikeuchi ni Miura. Ilianza kuonyeshwa Desemba 2008. Mwaka uliofuata, kwenye Tuzo za Filamu za Hong Kong, ilichukua Filamu Bora na Mpangilio Bora wa Mapigano. Muziki ni wa Kenji Kawai, ambaye ni Mjapani.

Je, ni filamu ya kuwachukia Wajapani?

Wapo wanaosema hivyo, na hawasemi bure. Sato ni katili asiye na hata chembe moja ya utu, na mwisho wa filamu umejengwa ili umati upige makofi Mjapani akianguka. Filamu za Hong Kong zimekuwa zikifanya hivyo tangu miaka ya 1970.

Lakini naomba uwaangalie watu wawili. Wa kwanza ni Miura. Anaua, ni mvamizi, anaamini ubora wa taifa lake, na hata hivyo anaiheshimu sanaa ya mpinzani na hataki ushindi wa bunduki. Ikeuchi anamcheza kwa uzito unaostahili.

Wa pili ni Li Chiu, mkalimani. Kabla ya vita alikuwa ofisa wa polisi mjini. Sasa anawatafsiria Wajapani, na wenzake wanamwita msaliti usoni. Anajitetea kwamba yeye ni mtafsiri tu na ana familia ya kulisha. Ni huyo huyo anayekwenda kuwatafuta watu wa kupigania mchele, kwa hiyo damu ya Lam na Liu haiko mbali na mikono yake. Na ni huyo huyo anayeificha familia ya Ip Man inaposakwa, na mwishoni anamuua Sato kwa bastola ya Sato mwenyewe. Lam Ka-tung anayacheza haya yote kwa macho, karibu bila maneno. Ningekuwa natoa tuzo, ningeanza na yeye. Shujaa anajulikana atafanya nini, lakini mtu aliyeshikwa katikati, mwenye watoto na bosi mwenye bunduki, huyo ndiye anayefanana na wengi waliowahi kuishi chini ya jeshi la kigeni.

Kuna uhusiano wowote na sisi Afrika Mashariki?

Upo, na haufundishwi vya kutosha. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliochukuliwa na KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) walipelekwa Burma kupigana na jeshi hilo hilo la Japani. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, kwenye matope, malaria na kuhara, na Desemba mwaka huo ikavuka mto Chindwin huko Kalewa. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kama ukoo wenu una babu aliyekwenda "Bama" asirudi, hivyo ndivyo vita vyenyewe.

Bruce Lee yuko wapi?

Hayumo kwenye filamu ya kwanza, isipokuwa kutajwa kwenye maandishi ya mwisho. Haiwezekani awemo, alizaliwa Novemba 1940. Alianza kwa Ip Man huko Hong Kong miaka ya 1950, akiwa kijana mkorofi wa mtaani, na mazoezi yake mengi aliyapata kwa mwanafunzi mkubwa Wong Shun-leung. Mwaka 1959 akahamia Marekani. Kwenye mfululizo huu anaonekana akiwa mtoto mwishoni mwa ya pili, kisha akiwa mtu mzima kwenye ya tatu na ya nne, akichezwa na Danny Chan.

Nitazame kwa lugha gani?

Kikantoni, chenye maandishi ya tafsiri, kama unaweza kuyafuata. Najua wengi wetu picha la Kichina tumelijulia kibandani, msimulizi akiwa juu ya sauti ya filamu, na ile ni sanaa kamili yenye mabingwa wake. Ila msimulizi ana kazi ya kujaza nafasi, na filamu hii nguvu yake iko mahali ambapo hakuna anayesema kitu. Ip Man akiinama kuokota ule mfuko hakuna maneno kwa muda mrefu. Itazame mara ya kwanza bila msimulizi. Ya pili, nenda kibandani ukafurahi na wenzako.

Watoto waangalie?

Nusu ya kwanza haina shida. Ulingoni kwa Miura kuna risasi ya kichwa na mifupa inayovunjika ikionekana, na askari wanaomnyemelea mke nyumbani kwake. Mimi simwekei mtoto wa chini ya miaka 13, na hata huyo nakaa naye.

Naweza kujifunza Wing Chun kwa kuiga filamu?

Huwezi. Utaiga kasi, na kasi ndicho kitu cha mwisho kuja. Chi sau inahitaji mikono ya mtu mwingine, na ngumi za mfululizo bila mwalimu zitakuumiza viwiko. Ukitaka kumwona Ip Man mwenyewe, ipo filamu fupi iliyochukuliwa na wanawe mwaka 1972, muda mfupi kabla hajafa kwa saratani ya koo. Mzee wa karibu miaka 80 anafanya Siu Nim Tau na gogo la mazoezi, mwili umekonda, ila viwiko vinarudi palepale panapotakiwa kila mara.

Ziko ngapi, na nifuate mpangilio gani?

Za Donnie Yen na Wilson Yip ni nne: 2008, 2010, 2015 na 2019. Zitazame kwa kufuatana. Ya pili iko Hong Kong chini ya Waingereza, Sammo Hung anaingia mwenyewe ulingoni, na ngumi zake na za Ip Man juu ya meza ya duara ni kati ya kazi bora za mfululizo. Ya tatu ina Mike Tyson, lakini itazame kwa ajili ya mke. Ya nne iko San Francisco na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Nje ya hizo kuna The Grandmaster ya Wong Kar-wai, ya mwaka 2013, Tony Leung Chiu-wai akiwa Ip Man. Ni ya taratibu, ya mvua na moshi, na inaukaribia zaidi ule upweke wa kutenganishwa na familia. Iliingia kwenye Oscar kwa upigaji picha na mavazi. Mwaka huo huo ilitoka pia Ip Man: The Final Fight, ya Herman Yau, ambamo Anthony Wong anamcheza akiwa mzee wa Hong Kong, mwalimu maskini kati ya wafanyakazi wa mahoteli. Ukishamaliza ya kwanza ya Donnie Yen na unataka kujua mtu halisi alikuwaje, anza na hiyo kabla ya ya pili.